Usiache Mbachao: Historia ya Antena, Kebo na Mtandao

Kila chombo kinachoingia katika nyumba za watu huingia pamoja na desturi zake. Kinu kiliingia na nyimbo za kutwangia, na redio iliingia na saa ya taarifa ya habari, saa ambayo wazee wetu waliiheshimu kama walivyoiheshimu saa ya chakula. Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu tunataja ngoma, mavazi, mashairi na lugha. Tunasahau kwamba njia inayomfikishia mwananchi mambo hayo nayo ni sehemu ya utamaduni, kwa kuwa njia ndiyo iamuayo nani atafikiwa na nani ataachwa nje ya mlango.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya njia tatu ambazo picha za televisheni zimepita hadi kufika majumbani. Ya kwanza ni antena, ambayo hunasa mawimbi yanayopita hewani. Ya pili ni kebo, yaani waya unaovutwa kutoka kwa mwenye mtambo hadi sebuleni kwa mteja anayelipa kila mwezi. Ya tatu ni mtandao wa intaneti, ambao hutiririsha picha moja kwa moja hadi kwenye televisheni au simu ya mtu mmoja mmoja. Tumeona vyema kuiandika historia hii kwa sababu katika nchi nyingi, na sasa katika miji yetu pia, watu wanakata waya wa kebo na mahali pake wanaweka vitu viwili: antena juu ya paa na huduma za kutiririsha picha. Wengi hudhani jambo hili ni la fedha tu. Ni la fedha kweli, lakini si la fedha peke yake.

Kebo ilizaliwa na antena

Nchi iliyotangulia kueneza kebo, na iliyotangulia pia kuikata, ni Marekani, kwa hiyo hatuna budi kuanzia huko. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, televisheni ilianza kuenea katika miji mikubwa ya nchi hiyo. Lakini mawimbi ya televisheni husafiri kwa kunyooka, karibu sawa na mwanga, na kilima kikubwa huyakinga kama ukuta unavyokinga jua. Watu wa miji mikubwa walitazama, na watu wa mabondeni walibaki na masanduku yasiyoonyesha kitu.

Mwaka 1948, katika mji wa wachimba makaa ya mawe uitwao Mahanoy City, jimbo la Pennsylvania, alikuwapo muuza vyombo vya umeme jina lake John Walson. Alikuwa na televisheni dukani asizoweza kuziuza, kwa kuwa milima ilizuia mawimbi ya Philadelphia. Inasimuliwa kwamba alisimika antena juu ya mlima, akavuta waya hadi dukani kwake, na watu waliokaa kandokando ya njia ya waya huo wakaomba kuunganishwa. Mwaka huohuo, upande wa pili wa nchi, Ed Parsons wa Astoria, jimbo la Oregon, aliweka antena juu ya paa la hoteli akanasa picha kutoka Seattle, umbali wa kilomita 200 hivi, akazigawa kwa waya kwa majirani. Mwaka 1950 Robert Tarlton alifanya kazi kama hiyo katika mji wa Lansford, Pennsylvania.

Jambo la kuzingatia hapa ni jina. Huduma hiyo haikuitwa kebo mwanzoni. Iliitwa televisheni ya antena ya jumuiya, maana waya ulikuwa mkono tu wa antena, na antena ilikuwa moja kwa watu wengi. Tena kati ya 1948 na 1952 serikali ya Marekani ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za vituo, hivyo miji midogo haikuwa na njia nyingine, na waya ukazidi kuenea.

Baadaye mtumishi akageuka kuwa bwana. Mwezi Novemba 1972 kampuni ya HBO ilianza kupeleka filamu na michezo kwa waya kwa watu wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, waliokubali kulipa zaidi. Mwaka 1975 ikaanza kutumia satelaiti, na mwaka 1980 kikaanzishwa kituo cha habari cha CNN ambacho hakikurushwa kwa antena za kawaida bali kwa kebo. Tangu hapo kebo haikuwa tena ya kumsaidia mtu wa bondeni aone kile anachokiona mtu wa mjini. Ilikuwa na bidhaa zake yenyewe, na bidhaa hizo zilifungwa pamoja katika vifurushi. Aliyetaka mpira alilipia na upishi, na aliyetaka habari alilipia na vikaragosi. Ankara ikapanda mwaka hadi mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 kaya zipatazo milioni 100 za Marekani zilikuwa zikilipia televisheni kwa kebo, satelaiti au waya wa simu.

Kisha mambo mawili yakatokea karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 2007 Netflix, iliyokuwa ikipeleka filamu kwa posta, ilianza kuzitiririsha kwa intaneti. Tarehe 12 Juni 2009 vituo vikubwa vya Marekani vikaacha kurusha mawimbi ya analojia na kubaki na ya dijitali, na watu wakagundua kwamba antena ya bei ndogo inaleta picha safi kabisa, bila ya chenga na bila ya ankara. Hapo ndipo familia nyingi zilipofanya hesabu yao: habari na mpira kwa antena, filamu na tamthilia kwa mtandao, na waya wa kebo ukatwe. Kampuni ya upimaji ya Nielsen ilitangaza kwamba mwezi Julai 2022, kwa mara ya kwanza, Wamarekani walitumia muda mwingi zaidi kutazama huduma za mtandao kuliko kebo. Yule aliyezaliwa na antena alikuwa ameanza kuzeeka, na mama yake alikuwa bado yu hai juu ya paa.

Antena katika nchi yetu

Kwetu historia ilikwenda kwa mwendo mwingine. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Tanzania Bara ilichagua kungoja. Viongozi wa wakati ule waliona kwamba taifa la wakulima lenye umeme katika miji michache lingenufaika zaidi na redio, ambayo huhitaji betri tu na humfikia mtu shambani. Uamuzi huo ulikuwa na matunda yake. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio, kusoma na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Tangazo moja lilisikiwa na wote, na hakuna aliyeulizwa kama amelipia mwezi huu.

Zanzibar ilishika njia yake. Kati ya 1973 na 1974 Visiwani walianzisha televisheni yao, tena ya rangi, wakati nchi jirani zilikuwa bado zinatazama picha nyeusi na nyeupe. Mtambo huo uliwekwa kwa ajili ya Wazanzibari, lakini mawimbi hayajui mpaka wala forodha. Bahari ni tambarare, na kati ya Unguja na Dar es Salaam hakuna kilima.

Sisi tuliokulia Dar es Salaam katika miaka ya 1980 tunakumbuka jinsi nyumba chache zenye televisheni zilivyotambulikana kwa mianzi mirefu iliyofungwa antena kileleni. Jioni kijana mmoja alipanda juu ya bati akaushika mwanzi, mwingine akasimama dirishani, na wa tatu akakaa mbele ya televisheni akitoa amri: geuza kidogo, rudisha, hapo hapo, usiguse tena! Siku nyingine joto na unyevu wa bahari vilileta picha safi hata mtu aliweza kuhesabu nyuzi za udi katika kikundi cha taarabu. Siku nyingine tulitazama chenga tupu, tukasikiliza sauti na kujitengenezea picha wenyewe. Watoto wa mtaa mzima walikaa mkekani, na mwenye nyumba hakuwa na ujasiri wa kufunga mlango, kwa sababu kile alichokipata kwa bure angewezaje kuwanyima wenzake?

Sheria ya huduma za utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 Bara nayo ikaanza kuwa na vituo vya televisheni, ITV ikiwa miongoni mwa vya kwanza. Televisheni ya Taifa ilifuata, na baadaye iliunganishwa na Redio Tanzania kuwa chombo kimoja, ambacho tangu 2007 kinajulikana kama Shirika la Utangazaji Tanzania.

Vituo hivyo vilianzia Dar es Salaam, na mawimbi yao hayakufika mbali. Hapo yakajirudia yale yale ya Mahanoy City. Katika miji ya mikoani, mfanyabiashara aliweka nyungo kubwa za satelaiti juu ya jengo lake, akanasa vituo vya ndani na vya nje, akavuta waya nyumba hadi nyumba na kukusanya ada ndogo kila mwezi. Kebo za mitaani ziliwafanya watu wa bara waone habari za nchi yao usiku uleule zilipotangazwa. Hatuna haki ya kuzibeza leo. Kwa miaka mingi zilifanya kazi ya antena mahali ambapo antena haikuweza.

King'amuzi na ufunguo wake

Mwaka 2006 mataifa yalikutana Geneva yakakubaliana kuhamia utangazaji wa dijitali, na siku ya mwisho ikapangwa kuwa 17 Juni 2015 kwa nchi nyingi, zikiwamo za Afrika. Tanzania haikungoja siku hiyo. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, na miji mingine ikafuata mmoja baada ya mwingine.

Lugha yetu ilifanya kazi yake upesi. Chombo kipya kilichohitajika ili televisheni ya zamani ione mawimbi mapya kiliitwa king'amuzi, kutokana na kitenzi kung'amua. Wataalamu wakaleta na neno kisimbuzi, yaani kinachosimbua, na leo maneno yote mawili yanatumika. Ni maneno mazuri, lakini mwalimu anapoyafundisha na awaambie wanafunzi wake kwamba pamoja na neno uliingia ufunguo. Antena ya mwanzi haikuwa na mwenyewe. King'amuzi kilikuwa na kampuni yake, kadi yake, namba yake na kifurushi chake.

Sera ya nchi ilikuwa wazi: vituo vyenye leseni ya kutazamwa bila malipo viendelee kuonekana katika ving'amuzi vya antena hata kifurushi kinapokwisha. Hata hivyo mvutano juu ya nani abebe nini haukuchelewa kuzuka. Nchini Kenya, mwezi Februari 2015, vituo vikubwa kadhaa vilitoweka kwa takriban wiki tatu katika mgogoro wa uhamiaji huo. Kwetu, mwaka 2018, mamlaka ya mawasiliano iliwazuia watoa huduma za satelaiti wenye leseni ya kulipiwa wasibebe vituo vya bure, na maelfu ya nyumba zikaamka bila ya taarifa ya habari ya nchi yao. Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Tunataka kuonyesha kwamba kitu kinaweza kuwa cha bure kwa sheria, na bado kisifike kwa mwananchi kwa sababu njia ya kukifikia ni ya mtu mwingine.

Ujio wa mtandao

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipita kwa satelaiti, ikawa ghali na yenye kusuasua. Baada ya hapo picha zinazotembea ziliweza kufika kwenye simu. Mwezi Januari 2016 Netflix ilifungua huduma yake kwa karibu dunia nzima, nchi yetu ikiwamo, na kabla ya hapo vijana walikuwa wamekwisha kuzoea YouTube. Leo msanii wa Sumbawanga anaweza kurekodi wimbo asubuhi ukatazamwa Muscat na Toronto jioni, bila ya kumwomba mtu ruhusa ya kuingia studio. Mtu aliyependa utamaduni wetu hawezi kuichukia njia kama hiyo.

Lakini inafaa tuelewe tofauti ya kazi zake na za antena. Mtambo wa kurusha mawimbi ni kama mpiga ngoma kilimani: wakimsikia watu kumi au watu laki moja, mkono wake hauchoki zaidi. Mtandao ni kama tarishi anayempelekea kila mtu barua yake mlangoni, na kila barua ina gharama ya safari. Saa moja ya picha za kawaida hula yapata gigabaiti moja, na gigabaiti hiyo hulipiwa na mtazamaji. Hivyo neno kifurushi, lililokuwa la televisheni, sasa ni la simu pia, na mtu aliyekimbia kifurushi cha kwanza anaweza kujikuta mikononi mwa cha pili.

Tofauti nyingine ni ya ukaaji. Antena ilikusanya mtaa kwenye mkeka, na kebo ikakusanya familia sebuleni. Simu humpa kila mmoja sebule yake ya kiganjani. Baba anatazama mpira, mama tamthilia, mtoto vikaragosi vya lugha asiyoijua vizuri, na wote wako chini ya bati moja.

Mfano wa mtaa wetu

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 na miaka iliyofuata, nasi tulihama pamoja na watumishi wengine. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na waya wa kebo uliopita dirishani, nasi tukaulipia kwa mazoea. Baada ya muda tulitambua kwamba katika chaneli nyingi tulizolipia tulitazama nne, na tatu kati ya hizo zilikuwa za bure. Tukaukata waya. Tukanunua antena ya kawaida tukaifunga juu ya bomba, tukabaki na intaneti kwa ajili ya filamu na masomo ya watoto.

Jirani yetu, mama mjane mwenye umri wa kutuzaa, alituona juu ya bati akatuuliza tunafanya nini. Tulipomweleza alitukaribisha kwake. Televisheni yake, mpya kabisa, zawadi ya mwanawe, ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Miaka miwili kabla yake alishindwa kulipa ada, waya ukakatwa, naye akaamini kwamba televisheni yote imekatwa. Tulimfungia antena siku ileile. Picha ilipotokea, na mtangazaji akasoma habari kwa Kiswahili safi, mama yule alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Kumbe haya ni ya bure, mwanangu? Mbona hakuna aliyeniambia?"

Swali lile limetusumbua tangu siku hiyo, nalo ndilo lililotufanya tuyaandike makala haya. Kwa miaka miwili mwananchi alinyimwa sauti ya taifa lake, na aliyemnyima hakuwa mtu wala sheria. Ilikuwa ni kutojua tu. Na tunahofu kwamba hayuko peke yake.

Kazi ya walimu na wanafunzi

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakumkataza mtu kuswalia msala mzuri wa mgeni. Walimkataza kuutupa mkeka wake mkuukuu kabla ya kujua msala ule utakaa kwa muda gani na ni wa nani. Huduma za mtandao ni msala mzuri, lakini wenyewe wengi wako mbali, nao huondoa filamu, hupandisha bei na hubadili masharti bila ya kutuuliza. Antena ni mbacha wetu. Mawimbi ni mali ya umma, na vituo vinavyosikika bila malipo ndivyo vinavyomfikia yule asiye na bando siku ya tangazo la kipindupindu, siku ya mafuriko na siku ya uchaguzi.

Basi tunawaomba walimu wa fizikia wasiifundishe antena ubaoni tu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuitengeneza kwa mkono wake. Kasi ya mawimbi ni mita milioni 300 kwa sekunde. Akiigawa kwa masafa ya hezi milioni 500, ambayo yamo katika eneo la televisheni zetu za dijitali, anapata urefu wa wimbi wa sentimita 60. Nusu yake ni sentimita 30, na huo ndio urefu wa waya anaouhitaji, ukipunguzwa kidogo. Waya wa shaba, kipande cha ubao na mwanzi vinatosha. Walimu wa Kiswahili nao wawaulize wanafunzi wakusanye kwa wazee wao maneno na visa vya siku za mianzi, kabla wazee hao hawajaondoka na visa vyao.

Na kila mwanafunzi atakayeitengeneza antena yake, tunamwomba jambo moja zaidi. Kabla hajaifunga nyumbani kwao, apite kwanza mtaani aulize ni nyumba ipi ina televisheni iliyofunikwa kitambaa.